Saladi ya Matango Inayoandaliwa Mapema: Ili Mama wa Jikoni Naye Ashiriki Misa



Kiangazi kinapoingia kandokando ya Ziwa Victoria, kuanzia Juni hadi Septemba, kalenda za parokia zetu hujaa. Kuna Kipaimara, Komunyo ya Kwanza, ndoa, jubilei za mapadre na masista, na sikukuu za wasimamizi wa parokia. Kule Bujora, karibu na Kisesa, sherehe ya Ekaristi Takatifu huambatana na ngoma za Bulabo, ambapo Wagika na Wagalu hushindana kucheza mbele ya umati uliotoka vijiji vya mbali. Mahali popote wanapokusanyika watu wengi namna hiyo, hapana budi chakula kipikwe.

Na anayepika ni nani? Sote tunamjua. Ni mama wa jumuiya ndogo ndogo, ni mwana WAWATA, ni binti wa kwaya ambaye siku hiyo amekosa sare. Wengine wakiwa ndani wanaimba Utukufu, yeye yuko nyuma ya kanisa, amekaa kwenye kigoda na beseni la matango mapajani, anasikia Misa kupitia dirishani. Pilau ilishaiva, samaki wameshakaangwa, lakini kachumbari haikatwi mapema, na kwa sababu hiyo hatoki jikoni hadi baraka ya mwisho.

Injili ya Luka, sura ya 10, inatukumbusha habari za Martha na Maria. Mara nyingi tumezisikia zikihubiriwa kwa kumlaumu Martha kidogo. Katika toleo hili hatutaki kumlaumu Martha. Tunataka kumpunguzia kazi. Makala hii inaeleza namna ya kuandaa saladi ya matango mapema, ikae salama, na ikifika mezani iwe na ladha nzuri kuliko ile iliyokatwa kwa haraka. Aidha, inaeleza jambo ambalo ni lazima litangulie kabla ya kisu kugusa tango, nalo ni maji safi na salama.

Kwa nini kachumbari ya kawaida haingoji

Kachumbari tuliyoizoea ina nyanya, vitunguu, matango, ndimu na pilipili. Ni tamu ikiliwa papo hapo. Lakini nyanya ikishakatwa hutoa maji, na chumvi ikiongezwa maji yanazidi. Baada ya saa chache bakuli limejaa mchuzi, nyanya zimelegea, na ukali wa ndimu umepotea. Ndiyo maana mama wa jikoni huogopa kuikata kabla ya watu kutoka kanisani.

Saladi ya matango peke yake, iliyotiwa chumvi na siki, haina tatizo hilo ikiandaliwa kwa utaratibu. Tango karibu lote ni maji, kiasi cha sehemu 95 kati ya 100. Ukilikata vipande vyembamba na kulinyunyizia chumvi, maji hayo huvutwa nje. Ukishayakamua, kipande hulainika kidogo lakini hubaki na ukakasi wake mdomoni, na siki huingia mahali maji yalipotoka. Kadiri inavyokaa, ndivyo ladha inavyokolea.

Kukamua huku si kwa ajili ya ladha tu. Tango ambalo halikukamuliwa litaendelea kutoa maji ndani ya bakuli na kuichuja siki. Siki iliyochujuka haina nguvu ya kuzuia vijidudu visikue. Hivyo basi, mama anayeruka hatua ya kukamua ili kuokoa muda anaharibu ladha na usalama kwa pamoja.

Jambo hili lisionekane kuwa ni la kigeni kwetu. Wazee wetu wa Usukumani walijua tangu zamani kwamba chakula kikipunguzwa maji kinakaa. Viazi vitamu hukatwa vipande na kuanikwa juani vikawa michembe, au huchemshwa kwanza kisha vikaanikwa vikawa matobolwa, na familia ikala hadi mvua zinaporudi. Dagaa wa Mwaloni Kirumba nao husafiri mbali kwa sababu jua limewaondolea maji. Tofauti ni kwamba hapa kazi ya kutoa maji inafanywa na chumvi, na inachukua saa moja tu.

Siki haisafishi tango chafu

Hapa tunaomba wanakamati wasome kwa makini, kwa kuwa ndipo palipo na hatari.

Wako wanaoamini kwamba siki au ndimu inaua kila kitu, kwa hiyo tango halihitaji kuoshwa sana. Imani hii ina ukweli nusu. Ni kweli kwamba kijidudu cha kipindupindu hakipendi uchachu. Huko Guinea-Bissau, wakati wa milipuko ya kipindupindu ya miaka ya 1990, watafiti waliona kwamba watu waliotia maji ya ndimu katika chakula chao walipata kinga kwa kiasi fulani. Lakini mayai ya minyoo hayafi kwa kulowekwa ndani ya siki, na vimelea vya amiba navyo vina gamba linalovikinga. Siki ni mlinzi wa pili. Mlinzi wa kwanza ni maji salama, sabuni na mikono safi.

Tufikirie tango limetoka wapi. Wakati wa kiangazi bustani nyingi ziko kandokando ya ziwa na mito, kwa sababu huko ndiko maji ya kumwagilia yanakopatikana. Ndoo inachotwa ziwani au mtoni na kumwagwa shambani. Mto kama Mirongo unakatiza katikati ya jiji la Mwanza na kubeba uchafu wa makazi kabla ya kuufikisha ziwani. Tango hutambaa chini, hugusa udongo na samadi, kisha hupangwa kwenye tenga na kusafirishwa hadi sokoni. Mkulima hana kosa. Ni sisi walaji tunaopaswa kukumbuka safari hiyo yote, maana tango la saladi haliingii motoni.

Ni kosa pia kulipeleka tango ziwani likaoshwe. Maji ya ziwa yanaweza kuwa na vijidudu vya kuhara, na yule binti anayesimama maji yakiwa magotini ili aoshe matango anajiweka katika hatari ya kichocho, ambacho huingia kupitia ngozi. Tutakuwa tumeandaa sherehe kwa gharama ya afya yake.

Kuandaa maji

Maji ya kuoshea matango, mikono na vyombo vya saladi yaandaliwe siku moja kabla. Kama maji yana tope, kwanza yaachwe yatulie, kisha yachujwe kwa kitambaa safi. Baada ya hapo chagueni njia moja kati ya hizi:

- Kuchemsha. Maji yatokote kabisa, mapovu makubwa yakipanda, kwa angalau dakika moja. Yaachwe yapoe ndani ya chombo hichohicho yakiwa yamefunikwa.

- Dawa ya klorini ya kutibu maji. Fuateni kipimo kilichoandikwa kwenye kifungashio, koroga, kisha subirini dakika 30 kabla ya kutumia.

- Jua. Maji maangavu yatiwe katika chupa safi za plastiki zisizo na rangi, za lita 1 hadi 2, zilazwe juu ya bati kwenye jua kali kwa saa 6. Kukiwa na mawingu mengi, ziachwe siku 2 mfululizo.

Maji yaliyokwisha kuandaliwa yawekwe katika ndoo yenye mfuniko na koki. Ndoo iliyo wazi, ambayo kila mtu anachovya kikombe na mkono wake, hurudisha uchafu ule ule tuliouondoa kwa kuni na jasho.

Mahitaji

Kipimo hiki ni cha watu 10. Kwa watu 100, zidisheni kila kitu mara 10. Ndoo kubwa ya lita 20 yenye mfuniko itatosha.

- Matango kilo 1 na nusu, mabichi ya kijani, yaliyo magumu ukiyabonyeza. Lililoanza kuwa la njano lina mbegu ngumu, liachwe.

- Vitunguu maji 2 vya wastani.

- Karoti 1, kwa ajili ya rangi.

- Chumvi kijiko kikubwa 1.

- Sukari vijiko vikubwa 2.

- Siki kikombe 1, yaani robo lita. Someni chupa: iwe siki ya asilimia 5, na isiongezwe maji. Kama siki haipatikani, tumieni ndimu 8 hadi 10 kupata kiasi hicho hicho cha maji ya ndimu.

- Pilipili manga kidogo, na kotimiri iliyooshwa vizuri kwa anayependa.

Nyanya na parachichi zisichanganywe humu. Anayezipenda azikate wakati wa kula na kuziweka katika bakuli la pembeni.

Namna ya kutengeneza

Kwanza, mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka. Mwenye kuharisha, au mwenye kidonda mkononi, apewe kazi nyingine siku hiyo, bila kuaibishwa.

Pili, matango yasuguliwe moja moja chini ya koki kwa maji salama. Yasilowekwe yote katika beseni moja, kwa maana uchafu wa tango moja utayaenea yote. Yakishaoshwa yamenywe. Msianze kumenya kabla ya kuosha, kwani kisu hupitisha uchafu wa ganda hadi ndani. Kateni ncha zote mbili na kuonja kipande cha upande wa kikonyo. Tango chungu lisiingie, maana moja tu laweza kuharibu ndoo nzima. Vitunguu na karoti navyo vioshwe na kumenywa vivyo hivyo.

Tatu, kateni vipande vyembamba vya mviringo kwenye kibao kilichooshwa. Katika jikoni zetu za kanda ya ziwa jambo hili lina uzito wa pekee: kibao na kisu cha samaki visitumike kamwe kukatia saladi. Samaki ataingia kwenye mafuta ya moto na vijidudu vyake vitakufa. Tango halitapata moto huo.

Nne, nyunyizeni chumvi, changanyeni, na kuacha kwa nusu saa hadi saa moja vyombo vikiwa vimefunikwa. Maji yatajaa chini. Yamwageni, kisha kamueni vipande kwa mikono iliyooshwa upya au kwa kitambaa kilichochemshwa. Sehemu kubwa ya chumvi itatoka pamoja na maji hayo. Hata hivyo, wenye presha waliopewa ushauri wa kupunguza chumvi watengewe matango yasiyotiwa chumvi, yatakayokatwa wakati wa kula.

Tano, chemsheni siki pamoja na sukari hadi sukari iyeyuke, kisha iacheni ipoe kabisa. Wanaotumia ndimu wasichemshe, bali wakoroge sukari humo hadi iyeyuke. Kata vitunguu vyembamba, paruza karoti, changanya na matango, mwaga siki juu, tia pilipili manga, kisha funika.

Angalizo moja: msitumie sufuria ya aluminiamu, wala kuchemshia siki wala kuhifadhia saladi. Uchachu hula aluminiamu na kukipa chakula ladha ya chuma. Tumieni chombo cha kioo, cha plastiki ya chakula, cha bati lililopakwa rangi lisilobanduka, au cha chuma kisichoshika kutu.

Ratiba kwa wenye friji na wasio na friji

Palipo na friji, saladi itengenezwe Jumamosi jioni na iwekwe humo usiku kucha. Itakuwa imekolea vizuri siku ya pili, na inaweza kukaa hadi siku 2. Umeme ukikatika, mlango wa friji usifunguliwe ovyo. Friji iliyofungwa hushika ubaridi kwa muda wa saa 4 hivi.

Pasipo na friji, kama ilivyo katika vigango vyetu vingi, msikate matango usiku. Gaweni kazi hivi:

- Jumamosi mchana: maji yaandaliwe na vyombo vioshwe na kukaushwa juani.

- Jumamosi jioni: matango yasuguliwe, yafutwe na kupangwa yakiwa mazima mahali pakavu na penye hewa. Siki na sukari vichemshwe na kufungwa katika chombo safi.

- Jumapili saa 11 alfajiri: kumenya, kukata na kutia chumvi.

- Saa 12 na nusu asubuhi: kukamua, kuchanganya na siki, kufunika. Chombo kiwekwe kivulini ndani ya beseni la maji ya baridi, na kifunikwe kwa gunia lililoloweshwa. Maji ya gunia yakikauka kwa upepo huvuta joto, kama mtungi wa udongo unavyopoza maji ya kunywa.

- Saa 3 asubuhi: Misa. Jikoni abaki mlinzi mmoja wa moto, na kazi hiyo iwe ya zamu.

- Saa 7 mchana: saladi igawiwe kwa upawa safi, isichotwe kwa mkono.

Katika utaratibu huu wa pili, kitakachobaki baada ya chakula cha mchana kisipelekwe nyumbani wala kuliwa jioni. Tunajua inauma kutupa chakula. Dawa yake ni kupima vizuri idadi ya watu tangu mwanzo.

Wakati wa kipindupindu

Wengi tunakumbuka mlipuko ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015. Ulifika mikoa mingi, Mwanza ikiwemo, na kabla ya kutulia nchi nzima ilikuwa imehesabu wagonjwa zaidi ya 20,000. Mikusanyiko ya ndoa na misiba ni mahali ugonjwa huu hupenda kuenea, kwa kuwa watu wengi hula chungu kimoja kisha hutawanyika vijijini mwao.

Kwa hiyo tunasema wazi: mlipuko ukitangazwa katika wilaya yenu, saladi hii isitengenezwe, hata kama maji yameandaliwa na siki ni kali. Fuateni maelekezo ya maafisa wa afya. Mahali pa saladi wekeni kabichi iliyopikwa au mchicha, vikiliwa vya moto. Parokia haitapungukiwa heshima kwa kukosa kachumbari siku moja.

Ombi letu kwa kamati na kwa wafadhili

Wafadhili wetu mara nyingi huuliza ni msaada gani mdogo unaoonekana. Visima na matangi ya maji ya mvua vinahitajika, na tunaendelea kuvishughulikia. Lakini kati ya kisima na mdomo wa mlaji kuna jikoni, na jikoni la parokia ni nadra kuingizwa kwenye bajeti. Vinavyohitajika si vingi: ndoo 2 zenye koki, moja ya mikono na moja ya chakula, sabuni, vibao 2 vya kukatia, kimoja kikiandikwa "samaki" na kingine "saladi", visu, na ndoo yenye mfuniko kwa ajili ya kuhifadhia. Vitu hivi vikitunzwa hutumika sherehe baada ya sherehe.

Kwa upande wa kamati za parokia, tunashauri mambo matatu yajadiliwe katika kikao kijacho kabla ya sherehe yoyote:

- Nani atahakikisha maji yameandaliwa siku moja kabla, na ametengewa kuni au dawa ya kutosha?

- Zamu ya jikoni ikoje, na je, wanaume na vijana wamepangiwa kumenya na kukamua, au ni kazi ya akina mama peke yao?

- Waliopika Jumapili hii watakaa kanisani Jumapili gani?

Katika Kitabu cha Hesabu, sura ya 11, Waisraeli wakiwa jangwani waliyakumbuka matango ya Misri pamoja na samaki walioula huko. Sisi wa kandokando ya ziwa tumejaliwa vyote viwili. Kinachobaki ni kuvila salama, na kuhakikisha kwamba aliyeviandaa ameketi kwenye benchi pamoja na wengine wakati Ekaristi inapoadhimishwa, kisha akaketi mezani pamoja nao wakati wa kula.